Godoro Lililotumwa Kumtazama Aiuba

Alhamisi moja, adhuhuri ikikaribia, Chamima alikuwa anakata mche wa sabuni kwa uzi wa kuvulia samaki pale kwenye kaunta ya duka la Haruna, mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, wakati Abdulcarimo alipoingia na mwanawe kununua godoro.

Miaka ile gesi ilikuwa imeonekana huko baharini, na Palma nzima ilikuwa inanunua kitu. Waliopata kazi walinunua kwa sababu wamepata, na waliokuwa wakiingoja walikuja kupapasa bidhaa ili siku yao ikifika wasionekane washamba. Abdulcarimo aliipata mapema. Alivishwa kizibao cha kung'aa na kofia ngumu ya plastiki, akapewa bango lenye wekundu upande mmoja na kijani upande wa pili, akasimamishwa njia panda. Akigeuza wekundu, malori yanasimama. Akigeuza kijani, yanapita. Kazi ilimkaa vizuri, maana alikuwa mtu wa watu: msiba hakosi, harusi hachelewi, na akikaa kwenye baraza ya kahawa hakuna anayeondoka bila kucheka.

Mwanawe aliitwa Aiuba, mtoto wa miaka saba mwenye masikio makubwa na maswali mengi. Mamake alikuwa ameolewa tena kisiwani Macaloe, mtoto akabaki kwa baba kwa ajili ya shule.

Godoro likashushwa likiwa bado ndani ya nailoni yake. Aiuba akalibandika shavu, akauliza kama na yeye atalilalia au atalitazama tu. Lilikuwa swali la haki. Abdulcarimo akampiga konzi la utosi, konzi lililosikika mpaka kwenye magunia ya mchele, kisha akamvuta sikio hadi mtoto akasimama kwa ncha za vidole. Alifanya yote hayo huku akiendelea kumsimulia Haruna habari za mpira, wala hadithi haikukatika.

Dukani kila mtu akapata shughuli. Mteja mmoja akauliza bei ya chumvi ambayo alikuwa ameshainunua na kuishika mkononi. Haruna mwenye duka akakohoa, akataka kujua malori yanaendeleaje. Gracinda, muuzaji mwenzake Chamima, binti wa kutoka Mueda, akafungua droo, akaitazama, akaifunga.

Chamima naye hakusema kitu, kwa kuwa palepale ilikuwa zamu yake kuiaga mali.

Katika duka la Haruna mali haitoki bila kuagwa. Desturi hiyo Haruna aliikuta kwa babake, Mtwara, akavuka nayo Ruvuma pamoja na mizani. Kitu kikishalipiwa, muuzaji hukigonga kidogo kwa kiganja na kukiambia, "Nenda ukawafae." Ndoo iliyoondoka bila kuagwa huvuja, na mwavuli hufunguka wenyewe ndani ya nyumba, tena usiku wa kiangazi. Watu walilijua hilo, na mteja wa kweli alisubiri.

Chamima akaweka kiganja juu ya godoro. Maneno aliyoyasema tangu ujana wake yakagoma kuja. Akasema yale yaliyokuwepo mdomoni.

"Nenda ukamtazame mtoto."

Gracinda alisikia. Godoro pia lilisikia.

Jumamosi alasiri godoro likarudi. Mwanzo wa safari lilijikunja na kujikunjua kama kiwavi, lakini lilipofika barabarani lilikuwa limeshapata mwendo, likasimama wima, likatembea kwa pembe zake mbili za chini, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kwenye makutano lilingoja chapa, daladala ya kwenda Mocímboa, ipite. Wauza ndizi waliokaa mbele ya duka walisogeza matenga yao. Likapanda ngazi, likaenda mahali pake pa zamani ukutani, likaegemea.

Gracinda alichukua ufagio akaanza kulipangusa mchanga.

"Tia Chamima, lile godoro limerudi," alisema, akimwita shangazi kwa Kireno.

"Naliona," alisema Chamima.

Alilisogelea, akalipapasa. Upande mmoja lilikuwa na unyevu wa chumvichumvi, ukubwa wake kama uso wa mtoto.

Haruna alitoka stoo, akalionyesha godoro maandishi ya ukutani yasemayo kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Baadaye kidogo akaingia Abdulcarimo na kizibao chake, anahema na kucheka kwa pamoja, akiwaambia waliokuwepo kwamba godoro la Haruna lina mguu mwepesi kuliko pikipiki za Quionga. Watu wakacheka. Chamima akamwuliza nyumbani kumetokea nini. Akasema hakukutokea kitu, mtoto amemwaga uji tu.

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nimemfunza."

"Basi ndiyo maana limekuja," alisema Chamima, kwa sauti ileile anayomwambia mtu kwamba tochi yake haina betri.

Abdulcarimo hakukasirika. Alimheshimu Chamima, ambaye alimfahamu tangu akitambaa.

"Hata mimi nilipigwa, bi Chamima," alisema kwa upole, "na nimekuwa mtu."

Chamima alimtazama kuanzia buti mpaka kofia ya plastiki.

"Hilo la mwisho tuliache kwanza," alisema.

Wakacheka tena, na Abdulcarimo akacheka kuliko wote. Lakini alipolishika godoro limfuate, lilijilegeza. Akavuta, akasukuma, akaomba msaada wa vijana wawili. Godoro likazidi uzito. Ikabidi Aiuba aitwe. Alikuja na jicho moja limevimba, akakaribishwa juu ya gunia la mchele, akapewa bajia za moto zilizofungwa kwenye gazeti la Maputo. Alikula akiwa anauliza. Alitaka kujua kama magodoro yanachoka. Gracinda akamjibu kwamba kila anayefanya kazi kwa Haruna anachoka. Mtoto akacheka mpaka bajia ikampalia, na Chamima akampiga mgongoni taratibu, na mtoto akajikunja kwanza kabla ya kuelewa ni mkono wa namna gani.

Kisha Aiuba akalishika godoro pembe, nalo likainuka likamfuata kwao kama mbuzi anayemjua mwenyewe. Kabla halijatoka, Chamima alijaribu kuliaga kama inavyopaswa. Ulimi ulikuwa umeshachagua njia yake. "Nenda ukamtazame mtoto," alisema tena, na Haruna, aliyesikia safari hii, akajifanya anahesabu vibiriti.

Kwa kuwa Abdulcarimo alikuwa na kazi na Haruna alikuwa na duka, mauzo yaliendelea. Abdulcarimo alinunua birika. Alinunua feni na viti vya plastiki. Alinunua mabati na mlango wa mbele, maana alikuwa anaitengeneza nyumba iwe ya mtu wa mradi wa gesi. Vyote vilitoka na neno la Chamima, na kila kimoja kilirudi zamu yake ilipofika, isipokuwa mlango na mabati, ambavyo vilikuwa vimepigiliwa misumari. Mabati yalitikisika tu huko juu, kama mvua inayotafuta pa kuanzia.

Mji ukajifunza kusoma. Birika likipita peke yake, ni konzi. Viti vikipita kwa mstari, ni makofi. Feni ikipita ni matusi, kwa sababu feni ni kitu chepesi. Likipita godoro, ni mkanda, na siku hiyo wanawake wa bombani walinyamaza mpaka limalize kupita, halafu wakaendelea na mazungumzo pale walipoyaachia. Watoto wa chuo cha Kurani walizoea kulishika birika mkono wakati wa kuvuka barabara. Kila mara Aiuba alitumwa kufuata mali, na kila mara alikaa kwenye gunia lake, akala, akauliza, akacheka, akarudi nyumbani akiongoza msafara.

Lalamiko lilitoka kwa wenye pikipiki. Katibu wa mtaa akaitisha mkutano kwenye varanda ya shule, na watu walijaa, kwa kuwa Palma inapenda mkutano. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Walikubaliana kwamba mali za Abdulcarimo zitembee upande wa kushoto. Kwamba zisikatize mbele ya msikiti wakati wa swala ya Ijumaa. Na kwamba birika lisitoke nyumbani na maji ya moto. Kampuni iliyokuwa na malori ilimtuma kijana mmoja mwenye adabu sana, akaleta koni za plastiki za rangi ya chungwa ili njia ya mali ionekane. Alipigiwa makofi.

Chamima aliinua mkono. Alipopewa nafasi alisema iko njia fupi zaidi, haihitaji hata koni moja: Abdulcarimo aupumzishe mkono wake.

Katibu alimshukuru. Alisema hilo ni jambo la ndani ya nyumba, na mkutano ulikuwa wa barabara.

Abdulcarimo mwenyewe, aliyekaa mstari wa mbele, alitikisa kichwa kukubaliana na pande zote mbili. Kilichomuudhi hakikuwa kusemwa, bali njia. Ili kufika dukani, mali ililazimika kupita njia panda, palepale kazini kwake. Siku moja, saa ya mapumziko, alikwenda nyumbani mara moja, akarudi mbio, maana godoro lilikuwa nyuma yake. Alifika kabla yake, akaingia katikati ya barabara, akainua bango upande wa wekundu. Malori yakasimama. Pikipiki zikasimama. Mbuzi wa mtu, aliyekuwa na shughuli zake, naye akasimama. Godoro likapita.

Dereva wa lori la mbele akatoa kichwa dirishani, akataka kujua godoro lile ni la nani.

"Langu," alisema Abdulcarimo.

Dereva akampa pole, akawasha gari.

Ndipo Abdulcarimo alipoamua kununua mnyororo. Mnyororo mnene, wa kufungia mashua, ulipatikana kwa Haruna tu. Chamima alimpimia, akamwuliza ni wa kufungia nini. Akajibu ni wa kufungia mali, watu waache kumcheka. Aliulipia, akautupa begani, akafika mlangoni, akakumbuka, akarudi. Alikuwa mteja wa kweli. Hakutaka kitu kitoke bila kuagwa.

Chamima akaugonga mnyororo kwa kiganja. "Nenda ukamtazame mtoto," aliuambia.

"Ahsante, bi Chamima," alisema Abdulcarimo.

Usiku huo godoro, birika, feni na viti vilifungwa pamoja kwenye nguzo ya katikati ya nyumba, na kufuli likabanwa.

Barabara ikawa kimya. Koni zilibaki zimesimama peke yake kama wageni waliofika harusini siku moja kabla. Watu walisema Abdulcarimo ametulia, mradi umemtuliza, mtu akipata riziki yake anatulia. Haruna aliwapa wauzaji wake soda. Chamima naye aliamini, kwa kuwa alitaka sana kuamini. Alikata sabuni huku akiimba nyimbo za harusi za zamani, na Gracinda, asiyezijua, akaitikia hivyohivyo kwa makosa.

Kisha Aiuba akatumwa chumvi. Alifika, akaitaja chumvi, akasimama. Gunia lake lilikuwa pale pale.

"Kaa, baba," alisema Chamima.

"Nimechoka kukaa."

Chamima akazunguka kaunta. Akajifanya anamkung'uta mchanga mgongoni, akainua fulana. Akaishusha. Akamwita Gracinda, na Gracinda akaja akatazama, akasema neno la Kireno ambalo masista wa shuleni hawalifundishi.

"Na mnyororo unafanya nini?" Chamima alimwuliza mtoto.

"Unavuta."

"Unavuta nini?"

"Unavuta nguzo. Nguzo inalia usiku."

"Basi usilale karibu na ukuta," alisema Chamima, akamfungia chumvi, akamwongezea bajia za kula akiwa amesimama.

Alipomwona ameondoka, alimwachia Gracinda uzi wa sabuni, akajifunga kanga vizuri, akaenda mpaka njia panda. Jua lilikuwa kali na malori yalikuwa mengi. Abdulcarimo alipomwona aligeuza bango wekundu ili bi Chamima asitimuliwe vumbi. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa heshima.

"Mwanangu, acha," Chamima alimwambia.

Hakuuliza aache nini. Alitazama malori yaliyokuwa yakingoja.

"Bi Chamima, mtoto ni wangu."

"Ni wako. Ndiyo maana nakuambia wewe."

Lori la mbele likapiga honi, la nyuma likaitikia. Abdulcarimo akatabasamu tabasamu lake la barazani, akageuza bango upande wa kijani, na Chamima ikambidi apishe.

Jumatatu ikaja nyumba.

Ilitoka kwenye kiwanja chake asubuhi, watu wakiwa wanasukutua. Mnyororo ndio uliotangulia, ukatambaa kwenda mbele, ukavuta nguzo, na nguzo haikuweza kuondoka bila paa, na paa lilikuwa la mabati ya Haruna, nayo yalikuwa yanasubiri. Kuta za udongo na fito zilifuata kwa sababu zilizoea. Nyumba ilitembea upande wa kushoto, kati ya koni, taratibu, kama bibi harusi anayejua kwamba anatazamwa. Wenye mianzi waliinua nyaya za umeme ipite chini yake. Mbele ya msikiti haikuwa na tatizo, kwa kuwa haikuwa Ijumaa. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na ndani ya fremu alisimama Abdulcarimo amevaa kizibao na kofia, bango mkononi, akisimamisha malori upande huu na kuyaruhusu upande ule ili nyumba yake ipate kupita salama. Watu wa kazi walisema hajawahi kufanya kazi vizuri kama siku ile. Aiuba alikaa dirishani, juu ya godoro, kwa ubavu, akiwasalimia watu mmoja mmoja kwa majina.

Nyumba ikafika mbele ya duka. Wauza ndizi wakahama. Ikazunguka mpaka mlango wake ukatazamana na mlango wa Haruna, ikajishusha, mabati yakashusha pumzi.

Abdulcarimo akatoka, akajikung'uta, akatoa salamu, akaitikiwa. Haruna akamkaribisha ujirani, akasema duka lilikuwa linakosa kivuli cha asubuhi. Katibu wa mtaa akaletwa. Aliizunguka nyumba, akaona imekaa kushoto kama ilivyokubaliwa, akaridhika. Waliokuja kupima viwanja kwa ajili ya mradi, na ambao ndio kwanza walikuwa wameipima nyumba kule ilikotoka, walikaa kivulini wakanywa soda, kisha wakaipima tena.

Chamima aliitazama nyumba ile akafurahi moyoni. Alifikiri kwamba hapa, mbele ya kaunta, mbele ya wateja na wauza ndizi na wapita njia wote wa Palma, hakuna mwanamume atakayeinua mkono. Usiku huo alilala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Jumatano, akiwa anafungua gunia la maharage, alisikia konzi. Lilisikika wazi, kwa kuwa sasa hakukuwa na umbali. Nyumba ikainuka kidogo, ikasogea mbele shubiri moja, ikakaa. Wateja wakapisha. Mmoja akauliza bei ya chumvi.

Tangu hapo imekuwa ikisogea. Barabara iliyokuwa kati ya nyumba na duka ikawa njia, njia ikawa kichochoro. Pikipiki zikazoea kupita nyuma ya msikiti. Haruna akafungua mlango wa uani kwa ajili ya wateja, akasema alikuwa anautaka siku nyingi, na biashara haikupungua. Ikafika mahali hakuna mtu mzima anayeweza kujipenyeza kati ya milango ile miwili, na Abdulcarimo, ambaye chakula cha mradi kimempendeza, hutokea dirishani kwenda kazini. Kwanza hulitoa bango, halafu kofia, halafu yeye. Watu humsaidia kwa kumshika mkono, wakamwuliza habari za malori, naye huwapa kichekesho cha asubuhi, wakaachana wanacheka. Hakuna anayemwuliza lingine.

Aiuba peke yake ndiye anayepita. Hugeuka ubavu, huvuta tumbo ndani, hukunja sikio moja, kisha la pili, na hupenya. Chamima hafungi tena mlango wa mbele, hata saa ya swala. Gunia la mchele amelisogeza mpaka kizingitini, na Gracinda ametandika juu yake kipande cha sponji, kwa siku ambazo kukaa ni kugumu.

Konzi likisikika upande wa pili, Chamima huuweka chini uzi wa sabuni. Hulivuta gunia nyuma kidogo ili kuipa nyumba nafasi ya kusogea. Nyumba ikishakaa, hufungua gazeti la bajia zisilainike kwa mvuke, akatazama ule ufa mwembamba kati ya milango, akangoja masikio yatokeze.